Siku Mahakama ya Mpanda Ilipokamata Meli

Ukienda kukamata mali ya mtu kwa amri ya mahakama, kula kabla ya kutoka nyumbani. Usile ukifika. Somo hili hamtalipata chuoni. Mimi nililipata kwa aibu kubwa pale Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mgambo wawili na watoto wasio na idadi. Nyie vijana mnaoanza kazi ya mahakama na simu zenu na pikipiki, kila mkija hapa mnaniuliza, "Bibi, zamani mlikuwa mnafanyaje?" Zamani tulifanya kwa miguu na baiskeli, na tulishinda. Niacheni nijisifu kidogo, uzee nao una haki zake.

Mimi ni Mkonongo wa Inyonga, lakini kazi nimeifanyia Mpanda, mahakama ya wilaya. Nilikuwa mpeleka samansi. Nilipeleka wito, nilibandika amri, na hakimu akiamuru mali ya mtu ishikwe, mimi ndiye nilikwenda kuishika. Watu wa mitaa ya Makanyagio walinibatiza Mama Samansi. Baiskeli yangu ikikata kona, wanaume wazima walikumbuka ghafla kwamba wana shamba mbali, na wake zao wakabaki kuniambia, "Ametoka sasa hivi tu, mama, mngekutana njiani."

Kazi alinifundisha Mzee Mgawe, mpeleka samansi aliyenitangulia, mtu asiyecheka ila mara moja kwa mwaka. Mwaka wangu wa kwanza nilibandika samansi kwenye mlango wa mtu kwa gundi ya uji wa muhogo, nikarudi ofisini nikijiona nimemaliza. Kesho yake mdaiwa akaja mahakamani akisema hajaona samansi yoyote, na kweli alikuwa hajaiona, kwa sababu mbuzi wa jirani aliilamba karatasi yote mpaka mhuri. Mzee Mgawe akacheka cheko lake la mwaka ule. Halafu akaniambia, "Tia pilipili kwenye uji." Tangu siku hiyo hakuna mbuzi aliyekula amri yangu, na kama mtaendelea kubandika karatasi kwa gundi ya muhogo, fanyeni hivyo hivyo.

Somo lake jingine lilikuwa la ng'ombe. Wilaya yetu ilikuwa inapokea wafugaji kutoka kaskazini na makundi makubwa, na kesi za ng'ombe waliokula mahindi ya watu zilikuwa haziishi. Ng'ombe mia huwezi kuwashika wote. Mzee Mgawe alisema, "Lishike dume linaloongoza, ulifunge kwenye ua wa mwenyekiti. Kundi zima litasimama hapo hapo likilisubiri." Nilifanya hivyo miaka na miaka na haikunishinda hata mara moja. Kumbukeni hilo dume, maana ndilo lililoniponza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kongo ikiwa bado inaitwa Zaire, alikuja mahakamani mama mmoja kutoka Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi. Jina lake Imakulata. Alikuwa amevaa kitenge kilichopigwa pasi vizuri kama cha kwenda kanisani, na mkononi alikuwa na kibali cha kutoka makazini, kwa sababu wakimbizi wakati ule hawakutembea bila karatasi. Alikaa kwenye benchi la karani akanieleza shida yake.

Wanawake thelathini wa kikundi chake walilima maharage misimu mitatu wakiwa na jambo moja tu kichwani: mashine ya kusaga. Kijijini kwao unga ulikuwa ni mchi na kinu, au kutembea nusu siku na ndoo kichwani mpaka kwenye mashine ya watu wengine. Mashine wakaipata upande wa Zambia. Ikapakiwa kwenye meli ya mtu wa Zaire ili ishushwe Karema, na Imakulata ndiye aliyechaguliwa kwenda kuipokea. Alikaa ufukweni siku nne. Siku ya tano meli ikapita mbele ya macho yake, haikusimama, ikaelekea ng'ambo. Mwenye meli aliipeleka mashine kwenye yadi yake huko kwao na kuanza kusagia watu.

"Nikarudi mikono mitupu, mama," aliniambia. "Sasa nyumbani wanasema nimeiuza. Skolastika amesimama nje ya kanisa, mbele ya watu wote, akasema Imakulata amekula mashine yetu. Watoto wangu wanaimbiwa njiani. Mana yanje, Mungu wangu! Mimi mashine siwezi kuila. Nataka iletwe, waione kwa macho yao, basi."

Nawaambieni kweli, nililia. Mtu wa mahakama halii mbele ya mlalamikaji, lakini nililia, nikajifanya natafuta faili chini ya meza.

Hakimu wetu wakati huo alikuwa Bwana Lupembe, mtu mwembamba aliyependa kunyoosha mambo. Alipokea kesi ya wale akina mama dhidi ya mwenye meli, halafu akaniita chumbani kwake. Akachora duara refu kwenye karatasi, akapitisha mstari katikati.

"Hili ni ziwa," akasema. "Mpaka uko hapa katikati, hauonekani kwa macho. Mwenye meli yuko upande wa pili. Naweza kuandika hukumu nzuri kuliko zote, lakini ikivuka mstari huu inakuwa karatasi ya kufungia karanga. Kwake sina mkono. Ila meli yake inakuja Karema kuchukua mahindi. Ikigusa kwetu, ni mali yake iliyo ndani ya wilaya yangu. Naishika kabla ya hukumu, ikae kama dhamana, na mwenyewe atavuka mstari kuifuata. Umenielewa, Mama Samansi?"

Nikasema nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba ng'ombe wamekula mahindi, na mimi nakwenda kushika kundi.

Nikapanda lori la mahindi, nikafika Karema vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Meli ilikuwa pale, imeelekeza pua yake mchangani. Wenyewe wa ziwani wangeiita boti, boti kubwa ya chuma, lakini kwetu sisi wa nchi kavu kitu chenye chumba cha kapteni ni meli. Ubavuni ilikuwa imeandikwa Mapendo. Nikapanda na amri yangu, mgambo wawili nyuma yangu, nikamsomea kapteni kwa sauti. Kapteni aliitwa Ilunga, mnene, mpole, kofia imechakaa. Hakubisha hata kidogo. Nikabandika amri kwenye mlingoti kwa uji wenye pilipili. Halafu nikafanya orodha ya mali kama nilivyofundishwa: kamba tano, mapipa matatu ya dizeli, sufuria moja limebonyea, kuku mmoja mwekundu, injini moja ya silinda nne. Kwa kuwa Mzee Mgawe alinizoesha kuandika alama za kila ng'ombe, nikajipenyeza chini nikaandika mpaka namba iliyogongwa kwenye injini. Mabaharia walinicheka. Mwenyekiti wa kijiji akatia sahihi kwamba amekabidhiwa meli, akaifunga kwenye kisiki.

Kisha nikamshika dume. Nikamwambia Kapteni Ilunga, "Wewe tutakwenda wote kwa mwenyekiti." Nilijua kundi haliondoki bila kiongozi wake. Tukakaa kwa mwenyekiti, mgambo nao, ukaletwa ugali wa moto na samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, na mimi nilikuwa sijala tangu jana yake. Tulikuwa bado tunanawa mikono baada ya kula tuliposikia injini. Tukatoka mbio. Meli ilikuwa imeshageuza pua, inakwenda zake, amri yangu inaonekana kwa mbali mlingotini, nyeupe, haijaliwa na mbuzi. Msaidizi wa kapteni ndiye aliyekuwa anaiendesha.

Mwenyekiti alibaki ameshika kamba iliyokatwa. "Mama Samansi," akasema, "hii ndiyo meli uliyonikabidhi?"

Kicheko cha Karema nzima nilikisikia mpaka Mpanda. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Kapteni Ilunga. Alisimama kwenye maji akipunga kofia na kuita, na wenzake hawakugeuka hata kumtazama. Tajiri wake alikuwa ameagiza siku nyingi kwamba kukiwa na tatizo Karema waondoke, hata kama kuna mtu ameachwa. Kapteni hakujua kwamba mtu mwenyewe angekuwa yeye. Akakaa kwenye mchanga kama gunia lililosahaulika.

Nikamweleza habari ya dume na kundi, na kwa nini nilimshika yeye. Akatikisa kichwa. "Mama, weye uliwaza meli ni ng'ombe?" akasema kwa Kiswahili chao cha ng'ambo. "Mu meli, kapteni ni mutu wa bure tu. Hata mupishi anaweza kuiendesha. Moyo wa meli iko kwa pampu. Utoe mabomba ya nozeli, yale madogo madogo ya mafuta. Hayo tu. Hata Mungu mwenyewe atashuka, ile meli haitatembea."

Nikamuuliza kwa nini ananifundisha. Akajibu kwamba ile mashine ya akina mama aliibeba yeye, na Karema aliipita kwa amri ya tajiri wake huku akimwona mama mmoja amesimama ufukweni anapunga kitenge. Alisema tangu siku hiyo hakuwa amelala vizuri.

Vijana, sikilizeni hapa, maana hili ndilo nililotaka kulisema. Mtu uliyekwenda kumkamata anaweza kuwa mwalimu wako. Kama ningemtukana kapteni siku ile kwa hasira ya aibu yangu, nisingejua jambo lolote. Alikaa Karema wiki mbili akingoja boti ya kumrudisha kwao, na kwenye gereji ya mashine ya mpunga pale kijijini alinionyesha kwa vidole vyake: hii pampu, haya mabomba manne, hapa spana namba kumi na saba, legeza kwanza huku halafu huku, mafuta yakimwagika usiogope. Nikafungua na kufunga mpaka fundi wa pale akaniuliza kama nimeacha kazi serikalini. Alipoondoka aliniahidi kwamba akiitwa kutoa ushahidi atakuja.

Nilirudi Mpanda nikiwa na spana ndani ya mkoba. Hakimu Lupembe alisoma taarifa yangu mpaka mwisho, akavua miwani. Nikangoja kufukuzwa kazi. Akasema tu, "Samaki walikuwa watamu?" Kisha akaandika amri mpya, na safari hii aliongeza kwamba mkamataji anaruhusiwa kuondoa sehemu yoyote ya chombo ili kisiondoke.

Meli haikuja miezi mingi. Imakulata alikuwa anakuja na kibali chake kila baada ya muda, anakaa kwenye benchi, anauliza, "Bado?" Nami namjibu, "Bado, mama." Mara ya tatu alikuja bila kitenge kizuri. Skolastika na wenzake walikuwa wamemtoa kwenye kikundi, na kanisani alikuwa anakaa benchi la peke yake.

Mahindi ndiyo yaliyoirudisha meli. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule, na mfanyabiashara hawezi kuona magunia yamelundikana ufukweni akatulia. Mwenyekiti wa Karema, ambaye naye alikuwa na aibu yake ya kulipiza, alinitumia ujumbe kwa dereva wa lori: kuna boti ya chuma imeingia, inaitwa Neema, lakini rangi ya jina ni mbichi.

Nilifika saa sita mchana. Nilikuwa nimekula nyumbani, tena nimeshiba kweli kweli. Mabaharia walikuwa wameshuka kupima mahindi. Nikakunja gauni, nikaingia majini, nikapanda na mgambo wangu wawili. Nikamsomea amri yule msaidizi, sasa amekuwa kapteni, naye akanyoosha kidole kwenye jina. "Mama, hii ni Neema. Mapendo umeipoteza kule kule."

Nikashuka chini kwenye injini na orodha yangu ya zamani, nikafuta mafuta kwa kanga, nikasoma namba. Ilikuwa ile ile, tarakimu kwa tarakimu, nikaiandika kwenye orodha mpya. Nikatoa spana. Legeza huku, legeza huku. Mabomba manne, mazito kidogo, yananuka dizeli. Nikayaweka kwenye kikapu, nikayafunika na kanga, nikamkabidhi mwenyekiti. "Mara hii," nikamwambia, "usiifunge na kamba. Meli nzima imo humu." Akalala na kile kikapu chini ya kitanda chake wiki tatu.

Mwenye meli alikuja, tena mbio. Alivuka ule mstari wa hakimu bila hata kuuona. Akaleta wakili kutoka mjini, mwenye suti na maneno marefu. Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Imakulata alikaa mbele, na nyuma kabisa nikawaona wanawake watano wa Mishamo, Skolastika akiwa mmojawapo. Hawakuja kumsaidia. Walikuja kuhakikisha.

Wakili akasema mashauri ya meli ni ya Mahakama Kuu, mahakama ya wilaya haina uwezo wa kuhukumu meli, tena meli ya nchi nyingine. Kweli, alikuwa anasema jambo la kisheria. Nikaona Imakulata ameinamisha kichwa. Hakimu Lupembe alingoja amalize.

"Ndugu wakili," akasema, "hapa hakuna meli iliyoshtakiwa. Kama tungekuwa tunaishtaki meli, ningekuelekeza mimi mwenyewe Mahakama Kuu. Aliyeshtakiwa ni mteja wako. Meli ni mali yake iliyokutwa wilayani kwangu, na ningeishika vile vile ingekuwa ng'ombe au baiskeli. Mashine ilitakiwa kushushwa Karema, haikushushwa. Kosa limezaliwa Karema, na mtoto huandikishwa alikozaliwa."

Wakili akageukia upande mwingine. Akasema chombo hakikukamatiwa nchi kavu, kilikuwa ziwani, na nani ajuaye mpaka uko wapi? Nikaitwa kizimbani. Akaniuliza kwa dharau, "Shahidi, ulipoifikia meli, ulikuwa umbali gani kutoka ufukweni?"

Nikasema, "Sijui umbali. Najua maji."

"Maji yalikuwa ya kina gani?"

Nikapandisha gauni, nikaonyesha goti. "Hapa, mheshimiwa. Kama mpaka wa nchi uko kwenye goti langu, basi nilivuka." Mahakama nzima ikapasuka kwa kicheko, na hakimu mwenyewe akajificha nyuma ya faili.

Likabaki la jina. Wakili akasema amri inataja Mapendo, hii ni Neema, mimi nimekamata mali ya watu wengine. Nikatoa orodha yangu. Nikasoma namba ya injini kutoka kwenye karatasi ya mara ya kwanza, halafu ya mara ya pili. Nikasoma na lile sufuria lililobonyea. Kisha Kapteni Ilunga, ambaye alitimiza ahadi yake akaja kwa gharama zake mwenyewe, akasimama na kofia mkononi akaeleza siku aliyoipitisha mashine mbele ya Karema. Alipofika kwenye mama aliyekuwa anapunga kitenge, akageuka akamwona Imakulata. "Ni huyu," akasema. "Nilikuona, mama. Unisamehe."

Mwenye meli akaomba aachiwe meli yake, ataandika barua ya kuahidi kuileta mashine. Hakimu akasema, "Ahadi haisagi mahindi. Mashine ikifika, meli itaondoka." Ilifika baada ya siku kumi na moja kwenye boti nyingine, imefungwa turubai, kooni mwake bado kuna unga wa watu wa ng'ambo. Nikarudisha mabomba kwa mkono wangu mwenyewe na injini ya meli ikawaka mara ya kwanza. Nawaambia hili ili mjue: kukamata mali vizuri ni pamoja na kuirudisha ikiwa nzima.

Mashine ikapelekwa Mishamo kwa lori, na hakimu akanituma nishuhudie makabidhiano. Barabara nzima wanawake walikuwa wamesimama. Vigelegele nilivyosikia siku ile sijawahi kuvisikia hata harusini kwangu. Fundi akaifunga kwenye kibanda walichokuwa wamekijenga na kukiacha kitupu, akaiwasha, moshi ukatoka, ardhi ikatetemeka chini ya miguu yetu. Mimi nikiwa na nguo za ofisi nilicheza mpaka viatu vikanitoka.

Kisha ikabidi mtu awe wa kwanza kusaga. Wote wakamtazama Imakulata. Alikuwa na ndoo yake ya mahindi miguuni. Akainua macho, akamtafuta Skolastika, ambaye alikuwa amejibanza nyuma ya wenzake na debe lake.

"Skola," akaita. "Lete yako."

Skolastika hakusogea. Imakulata akamfuata, akamtua lile debe kichwani, akaja nalo yeye mwenyewe mbele ya watu wote, akayamimina mahindi mashineni. Unga ulipoanza kutoka, mweupe na wa moto, akachota kiganja kimoja, akamgeukia Skolastika akamshika mkono na kumjaza ule unga kiganjani.

"Onja," akamwambia. "Uwaambie kama mashine niliila."